Kitabu Kilichopita Juu ya Ukuta

Mpendwa Kukhu,

Barua za wazi ndizo kazi yangu siku hizi. Nimemwandikia mkuu wa chuo. Nimewaandikia wabunge. Nimeliandikia hata bomba kavu la hosteli yetu barua ya rambirambi, ambayo wenzangu waliibandika kwenye kila mlango wa choo. Zote hizo niliziandika nikijua ni nani atakayekasirika. Hii ya leo haina wa kumkasirisha, na wewe unayeandikiwa umelala Subukia chini ya udongo ambao mvua bado haijaushikanisha. Naiandika hadharani kwa sababu moja tu: mbele ya wazee wa ukoo wako niliulizwa ni nani aliyewahi kuniona nikiwa na wewe, nami sikuwa na jina hata moja la kutaja. Basi na wawe mashahidi hawa wanaosoma, hata kama wamechelewa.

Kwa ajili yao itanibidi nikusimulie mambo unayoyajua kuliko mimi. Nivumilie.

Ulikuwa jirani yetu. Hatukuwa na damu moja. Kukhu ni neno la kwenu, la nyanya, na ulinizoesha kukuita hivyo kabla sijafahamu kwamba duniani kuna watu wa kwenu na watu wa kwetu. Katika ploti ile ya Bondeni, chumba chako na chetu vilitenganishwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Kati ya ubao wa mwisho na mabati palikuwa na uwazi wa kupitisha paka, na kupitia uwazi huo tuligawana kila kisichoshikika: moshi wa jiko lako, redio yetu, kikohozi changu, nyimbo zako za kanisani. Marehemu mume wako alikuwa mtu wa reli. Wewe ulikuwa umelea watoto wa watu kule Milimani mpaka magoti yakakataa ngazi zao, na ulipoondoka walikupa sufuria, koti, na kitabu cha picha ambacho watoto wa nyumba ile walikuwa wamekua wakakisahau.

Mama yangu alifanya kazi katika kiwanda cha blanketi, shifti ya mchana, ile inayowatoa watu giza likiwa limeshaingia. Tulihamia hapo katika majira ambayo watu wa Nakuru waliulizana jina la pili, lile linalotaja kabila, kabla ya kusalimiana. Jina letu la pili halikuwa la upande wenu. Mama hakuwa na chuki. Alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na kufuli. Aliniachia uji kwenye themosi, akafunga mlango kwa nje, na kupitia tundu la ufunguo akanipa amri ya mwisho: "Usiongee na mtu. Hata huyo mama wa hapo." Nilikuwa na miaka mitano.

Unakumbuka jioni ya kwanza? Nililia nikiwa nimejiziba mdomo na blanketi, nikidhani kwamba hivyo sisikiki.

"We mtoto, ni nini?" ulisema kutoka upande wako.

Nikanyamaza.

"Ama ni paka? Maanake nikipata paka ananililia hapo, namwagia maji ya moto."

"Ni mimi!" nikapiga kelele.

"Aa. Kumbe ni mtu. Mama yako amekukataza kuongea na mimi?"

Nikanyamaza tena, na kunyamaza kwangu kukakujibu.

"Sawa. Usiongee. Mama aheshimiwe," ulisema. "Lakini kugonga, alikukataza kugonga?"

Hakuwa amenikataza. Nimeketi katika mihadhara ya sheria, nimesikia wasomi wakipasua vifungu vya katiba kama watu wanaopasua kuni, na sijapata kusikia hoja safi kuliko hiyo yako. Nikagonga mbao. Nikasikia kiti chako kikiburutwa, pumzi yako ikipanda, kisha juu ya ukuta kikatokea kichwa cha ufagio mrefu, ule wa kutolea utando wa buibui, na kitabu kikiwa kimefungwa juu yake kwa kamba ya viatu. Kilining'inia pale kwa muda kama kinachofikiria. Kikaanguka kitandani.

"Fungua. Ukifika kwa picha, gonga. Ukifungua karatasi ingine, gonga tena. Mimi nitakuambia inasema nini."

Hivyo ndivyo tulivyosoma, Kukhu. Mimi nilikuwa na kitabu na sikuwa na maneno. Wewe ulikuwa na maneno na hukuwa na kitabu. Nikigonga, unasema. Ukinyamaza, nafungua. Wakati mwingine nilifungua kurasa mbili zilizogandana, nikagonga, nawe ukasimulia mambo ya ukurasa niliouruka; nikagonga kwa hasira, mapigo mengi mengi, mpaka ukaelewa. "Ngoja, ngoja, usivunje nyumba ya wenyewe. Kuna mbwa hapo?" Gonga. "Amelala ama amesimama? Gonga kama amelala." Gonga. "Basi uliruka. Rudi nyuma, mwizi wa karatasi wewe."

Wasomaji wangependa kujua kitabu chenyewe kilihusu nini. Kilimhusu mzee mrefu asiyeweza kuinama, kwa maana mgongo wake ulikuwa umekauka, na mtoto mfupi asiyeweza kufikia matawi. Waliishi pande mbili za mpera mmoja. Mapera ya juu yaliiva yakaliwa na ndege mbele ya macho ya mtoto. Mapera ya chini yalioza miguuni mwa mzee. Siku moja mtoto akaokota pera akampa mzee bila kusema neno. Mzee akanyoosha mkono akachuma moja akampa mtoto. Na kuanzia hapo wakawa na kapu. Ni hayo tu. Hakuna jini, hakuna mfalme, hakuna anayeokolewa na simba. Lakini wewe ulimpa yule mzee kikohozi, ukampa mtoto jino lililotoka, ukawapa ugomvi juu ya mapera mabichi na mapatano juu ya mapera yenye wadudu, na kila walipojaza kapu uliwafanya waseme pamoja: cha juu changu, cha chini chako, kapu letu. Nililala na maneno hayo. Mama alikuja akafungua kufuli, akanikuta nimelala, kitabu kikiwa kimesharudi kwenu kwa njia ile ile kiliyojia, kwa maana ulinifundisha kukifunga ufagioni kabla macho hayajawa mazito.

Sikumwambia. Mwanzoni ilikuwa woga. Baadaye mlizoeana, wewe na mama. Nikawaona mkisalimiana bombani, mkaombana chumvi, mkacheka juu ya mwenye ploti na viatu vyake vyeupe. Ningeweza kusema wakati huo, na hakuna ambaye angekasirika. Lakini kitabu kilikuwa chetu peke yetu, kitu pekee katika ploti nzima ambacho hakikuanikwa kwenye kamba ya pamoja. Wewe pia hukusema. Bombani ulinisalimia kama unavyowasalimia watoto wote: "Habari ya shule?" Nami nikajibu, "Mzuri, Kukhu," tukaachana kama wageni. Jioni nikagonga.

Kisha nikajua kusoma.

Darasa la pili, na tayari nilikuwa mtu wa kudai maelezo. Kitabu kikaja juu ya ukuta kama kawaida, na kwa mara ya kwanza nikatazama yale maandishi madogo chini ya picha. Yalikuwa ya Kiingereza. Nikayasoma neno moja moja, mdomo ukitangulia na akili ikifuata.

"Kukhu! Hapa hakujaandikwa vile unasema!"

"Kumeandikwa aje?"

"Kumeandikwa mzee anachuma. Mtoto anaokota."

"Ehe. Halafu?"

"Basi."

"Basi?"

"Basi, Kukhu. Imeisha."

"Ai. Hawa watu wa kitabu ni wachoyo," ulisema. "Karatasi kubwa hivyo, na wamekupatia maneno ya kujaza kijiko."

"Wewe hujui kusoma! Umenidanganya!"

"Mimi nilikuwa nasoma picha. Nimesoma hiyo picha na watoto wa Milimani mpaka wakaota ndevu, na hakuna mmoja aliniita mwongo. Sasa wewe soma maneno, mimi nasoma picha. Tuone nani atachoka mbele."

Nilichoka mbele. Nilichoka kabla ya mbwa kuamka. Nikagonga ukuta pigo moja, pigo la kusalimu amri, nawe bila kunicheka ukaendelea kutoka pale nilipokuwa nimegonga. Wananiuliza vijana wa chuo ni wapi nilikojifunza kusimama mbele ya watu elfu bila karatasi mkononi. Huwa nawatajia vitabu vizito. Sijawahi kuwatajia wewe, kwa maana ningelazimika kueleza ukuta, na kufuli, na jina la pili, na mkutano una muda wake.

Ulipohamia Subukia, kwenye shamba ambalo mumeo alilinunua kwa pensheni ya reli, kitabu kilikwenda nawe. Sikukiomba. Ningekiombaje mbele ya kijana wako aliyekuja na pikapu, mbele ya mama, mbele ya ploti nzima iliyotoka kukuaga? Ulinishika kichwa ukasema, "Soma, msichana," na kila mtu akadhani ni yale maneno ambayo wazee huwaambia watoto wote. Tukabaki na simu. Ulipiga kelele kwenye simu kana kwamba waya umepita chini ya ziwa lote. Kukhu, sauti yako ilipanda, sauti yangu ilipanda, ng'ombe wako wakaitikia, na hatukupata kusema hata siku moja lile tulilokuwa tukilisema kwa kugonga.

Sasa nikueleze yaliyonileta kwenu.

Chuo kimenisimamisha masomo. Niliongoza maandamano ya maji: ndoo tupu mia kadhaa mbele ya ofisi ya utawala, zikipigwa kama ngoma. Nilibebwa mabegani siku hiyo. Jina langu liliimbwa na watu ambao hawajui mimi hulala upande gani wa kitanda. Barua ya kusimamishwa ilipokuja, simu yangu iliita kwa siku chache, kisha ikakoma kuita, na maji nasikia yamerudi, na wenzangu wanaoga. Sisemi hivyo kwa uchungu. Nilitaka waoge. Ila nilirudi Bondeni na begi langu nikakuta kwamba mwenye ploti ameng'oa ule ukuta wa mbao akajenga wa mawe, mpaka juu, mpaka kwenye mabati, akaupiga plasta. Upande wako anaishi kijana mpole ambaye sijawahi kusikia hata akipiga chafya. Usiku wa kwanza niligonga. Mawe hayana mlio, Kukhu. Niliumia vifundo vya vidole, basi.

Asubuhi mama wa dukani akaniambia, akinipimia sukari: "Umesikia yule mama ya watu wa reli alizikwa jana? Huko Subukia. Kesho kutwa wananyoa." Aliendelea kupima. Sukari ikafika kwenye mstari. Nikalipa nikatoka nikiwa nimeiacha sukari kwenye kaunta.

Kwa nini sikulia pale? Kwa sababu mtu hulia akiwa na haki ya kulia, akiwa na anayemwambia pole. Nani angeniambia pole? Kwa mama nilisema tu, "Yule Kukhu wa zamani amekufa," naye akasema, "Maskini, alikuwa mtu mzuri," akafunga lesso kiunoni akaenda kiwandani. Nikaamua wakati huo huo: nitakwenda kunyoa, nitakwenda kudai kitabu. Nilitaka kitu kimoja cha kushika. Nilitaka mtu mmoja, popote pale, akubali kwamba nilikuwa wako.

Siku ya kunyoa mnaijua nyinyi. Wasomaji wa kwetu huenda hawaijui. Siku chache baada ya mazishi wafiwa hunyolewa nywele, kisha ukoo hukaa kitako na mzee mmoja huuliza mbele ya wote maswali mawili: ni nani anayemdai marehemu, na ni nani anayedaiwa naye. Yakishaulizwa yakajibiwa, marehemu huachwa apumzike. Nilikaa chini ya tenti kwenye shamba lako, kahawa ikiwa imekolea kijani nyuma yetu, kwenye benchi la wafiwa. Kinyozi alikuja na wembe wake kutoka kichwa hadi kichwa. Aliponifikia akasimama.

"Wewe ni wa nani?"

"Wa jirani. Wa Nakuru."

"Aa, pole," akasema kwa upole kabisa, akamnyoa aliye kando yangu. Nilibaki na nywele zangu katikati ya vichwa vinavyong'aa. Sijawahi kuona nywele zangu kuwa nyingi hivyo.

Mzee Andayi, binamu ya mume wako, ndiye aliyeendesha kikao. Akauliza swali la kwanza. Mtu wa maziwa akasimama akadai kibuyu chake, jirani akamtolea ushahidi, akapewa. Nikasimama mimi. Nilisafisha koo. Mkono wenyewe ukainuka, ule mkono wangu wa jukwaani.

"Waheshimiwa wazee, familia ya marehemu, na umma wote uliokusanyika katika uwanja huu mtukufu..."

"Huyu anatafuta kura?" akauliza shangazi mmoja kutoka nyuma, na tenti nzima ikacheka.

"Msichana," akasema Mzee Andayi, "hapa hatuhutubiwi. Unadai nini?"

"Kitabu."

"Kitabu gani?"

"Cha picha. Cha mzee na mtoto na mpera."

Wakacheka tena, ingawa si kwa ubaya. Mwana wako mkubwa, Anko Boaz, ambaye leo ana nyumba kule kule Milimani ulikolea watoto wa watu, akainuka na uso wa mtu anayetaka kusaidia. "Hiyo kitabu iko kwa msichana yangu, Neema. Mama alimpatia akiwa amelala hospitali. Lakini dada, kama ni kitabu tu, mimi naweza kukununulia ingine. Hata mpya."

"Sitaki mpya. Alinisomea hicho. Miaka mitatu, kila siku ya shifti."

"Ulikuwa unaingia kwake?" akauliza Mzee Andayi.

"Hapana."

"Yeye alikuwa anaingia kwenu?"

"Hapana. Mlango ulikuwa na kufuli."

"Sasa alikusomea aje?"

Nikawaeleza. Nikaeleza ufagio, na kamba ya viatu, na kugonga. Kadiri nilivyoeleza ndivyo ilivyozidi kusikika kama jambo ambalo mtu hulitunga. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama. Kisha akauliza swali la desturi, lile ambalo hata mtu wa kibuyu aliulizwa.

"Ni nani alikuona?"

Nilitazama nyuso zile. Nimejibu maswali ya askari, Kukhu. Nimejibu maswali ya jopo la nidhamu lenye watu saba na mashine ya kurekodi. Hilo sikuweza. Mama alikuwa kazini, ndiyo sababu ya yote. Majirani waliona tukisalimiana bombani kama wageni. Tulikuwa tumejificha vizuri mno. Katika ulimwengu wote aliyeweza kusimama akasema "mimi nilimwona" ni wewe, na hata wewe hukuniona; ulinisikia.

"Hakuna," nikasema.

"Basi hatuwezi kuchukua mali ya mtoto bila shahidi. Usikasirike. Ndiyo njia yetu."

"Sijakasirika," nikasema, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya hadhara ilikuwa kweli. Niliketi. Niliitazama mikono yangu kama mikono ya mtu aliyeisahau hapo.

Akauliza swali la pili. "Nani anadaiwa na marehemu?"

Nani husimama kwa swali hilo? Watu walitazama viatu vyao. Nami nikaona, polepole, jinsi mtu anavyoona ukurasa ambao ulikuwa umegandana na mwingine, kwamba anayedai huombwa shahidi, lakini anayekiri kudaiwa haombwi kitu. Nani angemkatalia? Nikasimama tena. Shangazi wa nyuma akaguna, "Ai, huyu tena."

"Mimi nadaiwa," nikasema. Sikuinua mkono.

"Unadaiwa nini?"

"Hadithi. Alinisomea, na mimi sikumsomea."

Hakuna aliyecheka. Mzee Andayi akamtazama Anko Boaz, Anko Boaz akamtazama mkewe. "Deni ya marehemu inalipwa kwa wa nyumba yake," mzee akasema hatimaye. "Umlipe huyu mtoto. Ukimaliza kusoma, deni imeisha, na hakuna mtu kwa boma hii atakuuliza tena."

Ndivyo nilivyopewa nafasi yangu kwenu. Walinitolea kiti cha plastiki pembeni ya ghala la mahindi, wakanitolea chai, na kwa mara ya kwanza mtu mmoja akaniuliza jina. Neema akaja na kitabu kifuani. Ana miaka saba. Kichwa chake kidogo kilikuwa kimenyolewa, kinang'aa, haki yake kamili.

"Anti, hii ni ya watoto wadogo," akanionya.

"Na wewe je?"

"Mimi niko gredi ya pili. Lakini unaweza kusoma. Nitakungojea ukikosea."

Kitabu kilikuwa kidogo kuliko nilivyokumbuka. Kilinusa koti lako. Nilisoma maneno ya kijiko kwanza, kwa Kiingereza, halafu nikasoma picha: kikohozi, jino, ugomvi wa mapera mabichi. Sauti yangu ya mikutano ilitaka kutoka, nikaizuia, nikaishusha mpaka ikawa ya kuvuka ubao mmoja tu. Neema alicheka palepale nilipokuwa nikicheka mimi. Akaegemea mkono wangu. Sikuwahi kujua, Kukhu, katika miaka ile yote, jinsi hadithi hiyo ilivyo na mwili upande wa pili, uzito, joto, kiwiko kinachochoma mbavu. Wewe pia hukujua, kwangu. Tulinyimwa hilo, wewe na mimi, na tukafanya bila.

Tukafika karibu na mwisho. Ukurasa wa mwisho ulikuwa kati ya vidole vyangu, na sikuufungua.

Kwa maana nilikuwa nimeelewa. Maadamu ukurasa huo haujasomwa, nadaiwa. Maadamu nadaiwa, lipo boma moja duniani ambako jina langu lina sababu ya kutajwa, ambako nikisimama langoni nitaulizwa "umekuja kulipa?" nami nitajibu ndiyo, na nitafunguliwa. Ningeweza kusema jua linazama. Ningeweza kusema tutamalizia likizo ijayo, mtoto angekubali, Anko Boaz angekubali, ningekuwa mdeni wako mpaka nizeeke, na hakuna kitu nilichotaka zaidi ya hicho.

Neema alikuwa amekwisha kuweka mkono wake juu ya ukurasa, tayari kunisaidia kuufungua. Alikuwa ameacha kupumua, vile watoto wanavyofanya. Alikuwa amezika nyanya yake wiki hiyo hiyo, na alitaka kujua kitu kimoja kinakwishaje.

Nikaufungua. Nikausoma wote, maneno na picha, bila kubakiza.

Anko Boaz alinisindikiza mpaka barabarani, akanipa mkono, akaushikilia kwa mikono yote miwili. "Asante, dada," alisema. "Umelipa. Sasa uko huru."

Alisema kwa wema mtupu. Na mimi, ambaye nimelipaka neno hilo kwenye kuta, nikaliandika kwa rangi nyekundu kwenye mashuka, nikalipigia kelele hadi sauti ikanikauka, nilisimama hapo kando ya kahawa yako nikalitazama kama kitu nilichokabidhiwa kimakosa, nisijue nikiweke wapi.

Pumzika, Kukhu. Huku kwetu kumenyamaza.

Mjukuu wako wa upande wa pili wa ukuta